"Gari limepinduka lenyewe": bima wamenifikisha mwisho

Wakuu, nimevumilia miezi saba. Leo naandika, na nikiandika vibaya mtanisamehe.

Tulikodi basi dogo na dereva wa kampuni. Mizigo ikapandishwa kwenye keria juu. Nikauliza kama si mingi, dereva akacheka: "Dada, hii imezoea." Tulipokolea mwendo nikasikia kitu kinachapa chini ya bodi, nyuma kulia, pa-pa-pa-pa, kama mtu anagonga bati kwa kandambili. Mkia wa gari ukaanza kutembea. Dereva akakata usukani, akaurudisha, magurudumu ya kushoto yakashuka kwenye udongo wa pembeni, yakazama, tukabiringika. Walioona wanasema mara mbili. Mimi naikumbuka moja.

Nilikuwa nimefunga mkanda. Wifi yangu hakufunga kwa sababu ulikuwa haushiki, kila akibana kishikizo kinachomoka. Alitokea dirishani. Yu hai, Alhamdulillah, ila nyonga yake ina vyuma.

Haya, bima sasa. Afisa wa madai, bila hata kuinua macho kwenye kompyuta yake: "Dada, hamkugongwa na mtu. Gari limepinduka lenyewe."

LENYEWE! Kwa hiyo liliamka likaamua kulala chali?

Tangu siku hiyo silali, nasoma. Gari kupinduka ni hesabu: chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Magari madogo ya saluni huwa kwenye 1.3 hadi 1.5, marefu yanashuka hadi karibu na 1. Jaza watu, weka mizigo kwenye keria, kitovu kinapanda na namba inashuka, na ikishuka gari linapinduka kirahisi. Halafu magurudumu yakikwama kwenye udongo huku gari linakwenda ubavuubavu, limekwisha. Nani alipakia keria? Sio mimi.

Na ile pa-pa-pa ni ngozi ya tairi iliyokuwa inabanduka. Mpwa wangu aliipiga picha pale barabarani, kipande kirefu kama gamba la nyoka, nyaya zimechomoza. Akapiga na ubavu wa tairi. Zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nilipozikuza kwenye simu nikakaa chini: tairi lilikuwa na miaka kumi na moja! Kashata za tairi, yale meno ya mpira, bado zilikuwa nzuri kwa macho, ndiyo maana hakuna aliyejali. Mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliagiza matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe huko Marekani kwa tatizo hili hili la ngozi kubanduka, mengi yakiwa kwenye magari ya kampuni ya Ford aina ya Explorer yaliyokuwa yakipinduka. Hakuna aliyesema Explorer zilipinduka zenyewe. Wabunge walikaa wakahoji wakubwa wa kampuni zote mbili.

Sasa sikilizeni kinachoniumiza zaidi ya mgongo. Tairi bovu, mkanda mbovu, paa lililobonyea hadi kwenye kichwa cha kiti changu, ushahidi wote ulikuwa kwenye lile gofu la gari. Niliandika barua lisiguswe mpaka mtaalamu wetu alikague. Wakaipokea, wakagonga muhuri, nakala ninayo. Wiki tatu baadaye gofu likauzwa chuma chakavu. "Lilikuwa linatozwa ada ya yadi, dada." Ada ya yadi!

Halafu wananiletea fomu, pesa kiduchu, chini maandishi ya sisimizi: napokea kama malipo kamili na ya mwisho. Wiki ya kwanza niliambiwa misuli imeshtuka tu. Ganzi ya vidole viwili ilianza mwezi wa pili, ndipo kipimo cha CT kikaonyesha pingili ya shingo ina ufa. Ningesaini ile wiki ya kwanza ningekuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Ndugu msomaji, hata wakuletee na juisi, USISAINI kabla daktari hajamaliza na wewe.

Wifi ndiyo kabisa, eti hana chake kwa kuwa hakufunga mkanda. Uingereza mwaka 1975, kesi ya Froom na Butcher, mahakama ya rufaa ilisema asiyefunga mkanda apunguziwe asilimia 25 kama mkanda ungezuia majeraha yote, 15 kama ungeyapunguza tu. Apunguziwe, siyo anyimwe! Na yule mdai wa kesi hiyo alikuwa na mkanda mzima, akaamua kutofunga. Wifi angefunga nini?

Wakili ninaye, anasema tudai uzembe wa mwenye gari na tuieleze mahakama kuwa ushahidi umeuzwa tukiwa tumeshaandika barua. Aliyewahi kushinda kwa picha za simu tu, bila gofu, aniambie alifanyaje. Na wale wa "pole, mwachie Mungu", ahsanteni, lakini Mungu hakupakia keria.

Kijana mmoja wa kwenye chuma chakavu kanipigia jana usiku. Anasema matairi huwa wanayatoa kwanza, hayaendi kwenye mashine, na kuna moja la nyuma limechanika limetupwa nyuma ya banda. Naenda asubuhi na mpwa wangu. Tukilikuta narudi hapa na picha.