Tupeane uzoefu: panya shamba huhamia wapi msimu ukibadilika? (Mkoa wa Tanga)

Wadau, vuli inakaribia na wengi tumeshaanza kuandaa makonde. Aliyelima mkoa huu aeleze alichokiona: kiangazi panya wanajificha wapi, shambani wanaingia lini? Wa darini tuwaache. Nazungumzia wale wa kahawia wenye tumbo la kijivu, wanaochimba mashimo.

Naanza mimi, Muheza. Konde langu limepakana na pori la nyasi upande mmoja, upande wa pili mihogo ya jirani. Kaskazi ikikausha nyasi, mashimo mapya nayaona kwenye mihogo, kwenye kivuli na mizizi ya kutafuna. Nikishapanda mahindi, mistari inayofukuliwa kwanza ni ya kandokando ya pori. Katikati hawafiki sana, kwa sababu panya haoni raha kukatiza palipo wazi, bundi wasije wakamnyakua. Siku hizi nafyeka ukanda mpana kati ya pori na mahindi kabla ya kupanda, na kurudishia mbegu kumepungua mno. Jirani naye akifyeka upande wake, ndiyo inafaa zaidi.

Mchangiaji, Korogwe: Kwetu ni mpunga, mkuu. Maji yakijaa majarubani panya wote wanapanda kwenye kingo, na kingo zenye majani marefu ndizo makazi yao. Tukikausha maji mpunga uive, wanashuka usiku kukata mabua. Kingo nyembamba zilizosafishwa hazina mashimo mengi.

Mchangiaji, Handeni: Mimi naangalia mvua kuliko pori. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamewafuatilia panya hawa kwa miaka mingi, na walichokieleza ndicho tunachokiona huku: kuzaliana kwao kunafuata mvua. Vuli ikinyesha vizuri nyasi mbichi zinaota, wanaanza kuzaa mapema, na waliozaliwa mapema nao wanazaa masika. Jike hubeba mimba kama siku 23 tu, na mara nyingi mzao mmoja una watoto zaidi ya 10. Ndiyo maana mwaka wa vuli nzuri, ambao sote tunaufurahia, ndio wa kuwahi kutega. Ukingoja masika umeshachelewa. Nafukia ndoo ya maji usawa wa ardhi kwenye vijia vyao, napaka pumba mdomoni. Sumu siiweki, nina kuku na watoto.

Mchangiaji, Lushoto: Shikamooni. Nyie mnazungumzia kupanda, mimi naogopa baada ya mavuno. Konde likibaki tupu wanafuata mahindi nyumbani. Huku tuliugua tauni tangu 1980 na ikarudi miaka mingi, na tauni huletwa na viroboto wa panya. Nawasihi: mahindi yasilale chini pale mnapolala, wekeni uchaga au ghala la nje. Mkiona panya wamekufa ovyo, msiwashike kwa mikono, toeni taarifa zahanati siku hiyohiyo.

Mwanzisha mada: Marahaba dada yangu, hilo la panya kufa ovyo kila mmoja alifikishe kijijini kwake. Wa Pangani na Mkinga hamjasema. Wenye makonde kando ya mkonge, ukifyekwa kati ya mistari panya wanakimbilia kwenu au wanaingia ndani zaidi? Tajeni na mwezi.