Chupi zangu mkekani mbele ya wajomba, kisa nimeaga nasafiri!!!

Nimetoka huko sasa hivi, hata buibui sijavua. Mikono yanitetemeka.

Mnamjua. Wallahi nyote mnamjua, msijifanye. Yule ambaye hakuna posa Mji wa Kale isiyopitia kwake, yule ambaye hata mwezi hauandami mpaka yeye atoe ruhusa. Jina silitaji.

Leo baada ya swala ya Ijumaa, sinia za pilau zishatandikwa, nikaona ndio wakati wa kuwaaga watu wangu kwa heshima. Ningeweza kupanda matatu ya Lunga Lunga alfajiri nikawapigia simu nishafika Tanga. Sikufanya hivyo. Nilikaa kitako nikasema: mama, wajomba zangu, nataka kusafiri miezi 8. Tanga, Dar, nipande treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, nishuke Livingstone nikayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, nivuke daraja la Kazungula niingie Botswana, kisha Cape Town. Pesa ni zangu, za kushona mabuibui miaka 3. Sijamwomba mtu hata shilingi.

Mama kanyamaza. Mjomba akauliza hiyo treni yalala njiani siku ngapi. Mambo yalikuwa yaenda! Ndipo yule mtu akainuka, akaingia chumbani kwangu, akatoka na begi langu la mgongoni na kulimwaga mkekani. Lote! Chupi moja ikaangukia ukingoni mwa bakuli la kachumbari. Akaiokota kwa vidole viwili kama mkia wa panya, akainyanyua juu: “Hizi ndizo za kuzungukia Afrika?”

Mbele ya wajomba. Mbele ya shemeji ambaye hata sauti yangu haijui vizuri.

Kisha akaona kadi yangu ya manjano, akapiga ukelele ati nina homa ya manjano. Ni CHANJO! Sindano moja, ya maisha, ili nisisumbuliwe mipakani. Kufika alasiri jirani ashaniletea uji wa mgonjwa.

Yeye kaenda Makka mara 2, tumembebea mabegi mpaka uwanja wa ndege, nani alimpekua? Vidole viwili, jamani. Juu, kama bendera!

Kaimati Moto: Pole dadangu. Ilikuwa rangi gani?

Mwenye uzi: Toka hapa.

Nahodha wa Kilindini: Na buibui la mke wangu? Nimelipa tangu Rajabu.

Mwenye uzi: Liko tayari, njoo ulichukue. Nahodha, ALIINYANYUA JUU.

Mpwa wa Ganjoni: Kosa lako ni kusema waenda kutembea. Mimi nilipoaga naenda Muscat kazini, bibi alinisomea dua, mama akauza kuku wote kunipa nauli. Ukienda kutafuta pesa wewe shujaa. Ukienda kutazama maji yakianguka, lazima una mimba au una deni.

Bi Mahamri: Kweli kabisa. Mimi niliaga Arusha wiki 2, nikarudi nikakuta nshaolewa. Mpaka jina la mume walikuwa nalo.

Kaimati Moto: Kwani Afrika Kusini si wataka visa?

Mwenye uzi: Tangu Januari 2023 Mkenya aingia bila visa, siku 90. Mambo yote haya nilikuwa nimeandika kwenye daftari. Daftari nalo lilimwagwa!

Kaimati Moto: Basi niletee simu.

Bi Mahamri: Na mimi viatu, namba 39.

Mtu wa Mtongwe: Madhali twazungumzia mabegi: kuna mtu humu aliazima sanduku langu la harusi ya Lamu. Huu mwaka wa 4.

Mpwa wa Ganjoni: Nilirudisha. Nilimpa mdogo wako.

Mtu wa Mtongwe: Sina mdogo.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Vidole VIWILI.

Nahodha wa Kilindini: Lile sanduku la samawati? Mbona nimeliona Kongowea, limepangwa mitumba?

Mtu wa Mtongwe: Astaghfirullah. Gurudumu moja limevunjika?

Nahodha wa Kilindini: Hilohilo.

Mpwa wa Ganjoni: Nilipoliazima magurudumu yote yalikuwa mazima.

Mtu wa Mtongwe: Kwa hivyo wakiri wewe ndiye uliyelivunja!

Kaimati Moto: Wauzaje hapo Kongowea?