Tupeane uzoefu: kuhamisha miche ya matunda kutoka kitaluni, Mtwara na Lindi

Kichanga Chekundu (Tandahimba)
Wadau, mvua zimeanza na barabarani pikipiki zinapita na miche ya mikorosho imefungwa kwa mipira kama kuku wa mnada. Nimeona nifungue uzi kabla hatujapoteza msimu. Naanza mimi.

Mvua ya kwanza si ya kupandia. Kichanga chetu hulowa juu, chini vumbi tupu. Piga jembe uangalie. Unyevu usipofika chini kiasi cha ncha ya vidole hadi kiwiko, acha mche kivulini. Ukishafika, usichelewe tena. Mwishoni mwa Januari au Februari mvua hupenda kukata, na inapokata mche uwe umeshashusha mizizi.

Mama Miembe
Kiwiko ndiyo kipimo. Nimeunga mkono.

Fundi Kubebesha (Masasi)
Shimo ni futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, lichimbwe kabla ya mvua. Udongo wa juu weka kulia, wa chini kushoto. Ule wa juu changanya na debe moja la samadi iliyooza sawasawa, rudishia shimoni, acha wiki mbili utitie. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Na udongo usipotitia, mche unazama nao, mahali palipobebeshwa, yaani kikonyo cha mti bora kilipoungwa na mche, panaingia ardhini na shina linaanza kuoza. Pale pa kubebeshea pabaki juu ya udongo shubiri moja hivi.

Nafasi: mkorosho mita 12 kwa 12, ekari inameza miche 28 hivi. Mwembe mita 10. Mchungwa mita 6 unatosha.

Ekari Moja
Mita 12 ni za wenye ardhi. Sisi tunaweka 6, baadaye tunapunguza.

Fundi Kubebesha
Nani alishapunguza? Mkorosho ukianza kuzaa hakuna mwenye moyo wa kuushikia shoka. Matawi yanagusana, jua haliingii, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua na majani, unapata makao. Hizo nafasi panda karanga, kunde au choroko miaka ya mwanzo.

Ekari Moja
Na mihogo? Watoto wale choroko mwaka mzima?

Fundi Kubebesha
Mihogo ikae mbali. Inaurukia mche kwa urefu na kuufunika jua. Habari za watoto kula nini ni uzi mwingine, ndugu yangu.

Nachingwea Mjini
Mmenikumbusha shamba moja la huku. Ekari mbili za miche ya kubebeshwa, mashimo safi, samadi safi, imepandwa Desemba. Mwezi mzima kijani kibichi. Mvua ilipokata, balaa. Mchana majani ya juu yananyong'onyea, jioni yanainuka. Baada ya siku chache hayainuki tena, yanakauka yakiwa bado mtini, ukiyashika yanavunjika. Mmoja unaondoka, kesho wa pili, mstari mzima. Wengine wakasema mchwa, wengine wakasema kuna mkono wa mtu.

Ukachimbuliwa mmoja. Udongo ulikuwa bado na umbo la kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni, na mzizi mkuu umejizungusha chini mara mbili, haukuwahi kushuka. Ile miche ilikaa kitaluni ikapitiliza. Maji ya kina hayaufikii mzizi wa namna hiyo hata uuombee dua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, inua kiriba. Ukikuta mzizi umetoboa na kushika ardhi, utakatika unapouvuta, achana nao. Siku ya kupanda, iwe jioni au kukiwa na wingu, lowesha kiriba kwanza. Kwa wembe kata upana wa kidole kimoja chini kabisa, nailoni na udongo na mizizi yote, kisha chana ubavu. Shika bonge la udongo. Usivute shina hata siku moja.

Bodaboda wa Ruangwa
Mkono wa mtu ulikuwa wa nani? Hatuwezi kuendelea bila jina.

Mama Miembe
Wa mwenye kitalu, baba. Soma vizuri.

Kichanga Chekundu
Turudi kwenye miche jamani.

Maji ya Dumu (Newala)
Huku juu maji tunanunua. Ni afadhali lita 20 mara moja kwa wiki kuliko lita mbili kila jioni. Maji ya juu juu yanaizoesha mizizi kubaki juu. Tengeneza kisahani kuzunguka mche na uweke nyasi kavu.

Ekari Moja
Nyasi zinaita mchwa.

Maji ya Dumu
Bila nyasi kichanga kinachemka. Ziachie shina nafasi ya shubiri moja, na kagua kila wiki.

Fundi Kubebesha
Mmesahau utepe wa nailoni pale pa kubebeshea. Ukishashikana, ufungue, la sivyo unalikaba shina. Maotea yanayotoka chini yake nyofoa yakiwa machanga. Ukiyaacha yanakula chakula chote, na miaka michache mbele unavuna korosho za kienyeji kwenye mche wa bei. Maua ya mwaka wa kwanza nayo toa.

Mgeni wa Kilwa
Shikamooni. Kuna mwembe umejiotea mlangoni, urefu wa kiuno. Unahamishika?

Bodaboda wa Ruangwa
Hamisha mlango.

Mama Miembe
Marahaba. Unahamishika. Chora duara, shubiri mbili kutoka shinani. Sasa hivi kata mizizi kwa jembe kali nusu ya duara tu, kina cha futi moja na nusu. Nusu nyingine mwezi ujao. Machi mvua ikirudi vizuri, punguza theluthi ya majani, nyanyua na bonge lake juu ya gunia, ufukie kwa kina kilekile ulichokuwa nacho.

Nachingwea Mjini
Ungekuwa mkorosho ningekwambia usihangaike. Fukia mbegu tatu pale unapotaka mti, ubakize mche wenye nguvu. Utaupita ule wa kuhamisha.

Mgeni wa Kilwa
Na mbuzi wa jirani?

Ekari Moja
Hao hawana msimu. Zungushia miiba leo leo.