Kanjo wametupa notisi tuhame studio yetu ya sanaa katikati ya Nairobi. Tuanzie wapi?

MchoraMtaa

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri, hasa wa waliowahi kupitia jambo kama hili.

Tuko kundi la wasanii tunaokodi orofa ya tatu ya jengo la zamani upande wa River Road. Mchana humo wamo wachoraji na wachongaji, jioni wacheza ngoma hufanya mazoezi, na kila Ijumaa tunafungulia watu: vijana wanasoma mashairi na kupiga muziki, kiingilio kidogo tu. Wenzetu wawili hulala humo humo kwa sababu kodi ya chumba imewashinda. Kijana wa Kayole au Kawangware anapanda matatu moja, anafika, anatumbuiza bila kumjua mtu. Mahali pa namna hiyo katikati ya jiji pamebaki pachache sana.

Juzi askari wa kaunti walileta notisi. Inasema matumizi ya orofa hayalingani na kibali cha jengo, hatuna cheti cha zimamoto, tusitishe kila kitu na tuwe tumehama baada ya siku saba. Mmoja wao akabaki nyuma, akasema mambo yanazungumzika. Mwenye jengo anasema shida ni yetu.

Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka tutoe kitu kidogo yaishe. Wengine wanataka tuite waandishi wa habari na tukatae kutoka. Mimi ninachotaka ni mahali hapa pabaki.

Baba Zawadi

Kaka, nina duka huko chini karibu na nyinyi. Toeni, mfanye kazi. Mkianza kubishana na kaunti mtazunguka ofisini mpaka kodi iwashinde, na mwisho bado mtahama. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo wengi wetu tunavyoishi.

WakiliKijana

Baba Zawadi, kwa heshima, hapo umempoteza. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Tena hongo haifuti notisi. Mwezi ujao anakuja askari mwingine na karatasi ile ile, na mara hii anajua kwamba mnalipa.

MchoraMtaa, isome notisi tena. Je, imetaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019? Kama ni notisi ya utekelezaji chini ya kifungu cha 72, mna siku 14 tangu mlipokabidhiwa kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango, na kamati ina siku 30 kuamua. Kwa hiyo siku saba mlizopewa zinaisha kabla ya muda wenu wa rufaa. Hiyo iwe hoja yenu ya kwanza, na muombe utekelezaji usimame hadi msikilizwe. Sheria ya Haki ya Utawala ya 2015 nayo inawapa haki ya sababu za maandishi na nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi unaowaumiza. Vilevile andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 muombe nakala ya ramani na kibali cha jengo. Msibishane kuhusu "matumizi yaliyoruhusiwa" wakati hamjaiona karatasi inayoyaruhusu.

Katiba yenyewe, ibara ya 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Itajeni, lakini msiitegemee peke yake. Hakimu atauliza kuhusu ngazi za kutokea moto ukizuka.

Dada wa Oakland

Naishi Oakland, California, na nimeandika hapa kwa sababu ya hiyo sentensi ya mwisho ya wakili.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 2016, ghala moja hapa lililoitwa Ghost Ship liliungua wakati wa tamasha la muziki. Watu 36 walikufa. Lilikuwa na kibali cha ghala tu, lakini wasanii waliishi ndani, na hadhira ilikuwa orofa ya juu. Ngazi mojawapo ilikuwa imeungwa kwa mbao za paleti, zile za kubebea mizigo. Mfumo wa kunyunyizia maji haukuwepo. Waliokufa walikuwa watu kama nyinyi na wageni wenu wa Ijumaa: wanamuziki, wachoraji, wanafunzi. Mpangaji mkuu wa jengo alikiri makosa mahakamani mwaka 2021. Jiji nalo lilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 32.7 kwa familia na manusura.

Kilichofuata pia kiliuma. Siku chache baada ya moto ule, Baltimore iliwatoa wasanii kwenye jengo la Bell Foundry, na Denver ikafunga Rhinoceropolis, mahali pengine pa wasanii. Watu walitolewa nje msimu wa baridi, bila pa kwenda. Wengi wetu tuliona miji inatumia maiti zetu kutufukuzia. Meya wetu ilibidi atoe agizo Januari 2017 kwamba watu wasiondolewe kwenye majengo kama hayo isipokuwa hatari iwe ya papo hapo. Mwaka huo huo Denver ikaanzisha mpango wa kumruhusu mwenye jengo ajitokeze mwenyewe, apewe kibali cha muda, na kurekebisha hatua kwa hatua.

Ombeni kitu kama hicho: muda wa kurekebisha pamoja na orodha ya marekebisho kwa maandishi. Na kaka yangu, hao wawili wasilale humo tena. Leo, si wiki ijayo.

Mkereketwa254

Dada, pole kwa msiba huo. Lakini hapa usalama ni kisingizio. Kuna majengo mangapi mjini hayana cheti, na hayaguswi? Wanataka hiyo orofa kwa mtu mwingine.

Mzee wa Mpira wa Maji

Nimestaafu zimamoto. Mkereketwa, inawezekana kabisa unasema kweli kuhusu nia ya kaunti. Moto hauulizi nia. Duka la Nakumatt Downtown lilipoungua Januari 2009, hapo hapo katikati ya jiji, zaidi ya watu 20 walipoteza maisha.

MchoraMtaa, nijibu mwanangu. Mna ngazi ngapi? Ijumaa mnaingiza watu wangapi? Thina na rangi za mafuta mnaziweka wapi? Umeme wa spika unatoka wapi?

MchoraMtaa

Mzee, ngazi ni mbili. Ya mbele ndiyo tunayotumia. Ya nyuma ina geti la chuma ambalo mwenye jengo amelifunga kwa kufuli, na mpangaji wa chini amejaza marobota ya mitumba kwenye ngazi. Tumeomba lifunguliwe mara nyingi. Ijumaa watu hufika themanini, siku nyingine zaidi. Thina iko kwenye kabati la mbao karibu na dirisha. Spika na taa ni ekstensheni moja juu ya nyingine.

Mzee wa Mpira wa Maji

Basi Ijumaa hii hamna onyesho. Na inayofuata hamna, mpaka lile geti lifunguke. Watu themanini orofa ya tatu na ngazi moja inayofanya kazi: moshi ukianzia chini, hiyo ngazi inakuwa bomba la moshi na nyote mko juu yake.

Sijasema mfunge studio. Ninyi mnafanya mambo matatu, na yasichanganywe. Kuchora na kuchonga mchana, watu wachache walio macho na wanaojua mlango, hilo linateteka hata kesho. Hadhira ya usiku inahitaji njia mbili zilizo wazi, taa za dharura na idadi isiyozidi. Kulala ni jambo jingine kabisa. Mkaguzi akiona godoro, hasikilizi tena habari za sanaa.

Thina itoke kwenye mbao iingie kwenye kabati la chuma, mbali na njia ya kutokea. Kila spika ipate soketi yake ukutani, na fundi mwenye leseni aandike ripoti. Geti pigeni picha leo, likiwa na kufuli na marobota yakionekana, kisha mwandikieni mwenye jengo barua. Hiyo picha itawasaidia kuliko waandishi wa habari kumi, maana inaonyesha ni nani aliyeziba njia.

WakiliKijana

Na barua hiyo iwe kiambatisho cha rufaa. Halafu ombeni ukaguzi wa zimamoto ninyi wenyewe, kwa maandishi. Aliyeomba kukaguliwa hawezi kuitwa mtoro wa sheria.

MchoraMtaa

Asanteni sana. Wale wawili wameshahamia kwa mwenzetu wa Umoja. Onyesho la Ijumaa tumelifuta, na vijana waliosafiri kulifanyia mazoezi wameumia, lakini wameelewa. Barua mbili zimepelekwa na kupigwa muhuri wa kupokewa. Mwenye jengo amefungua geti baada ya kuona picha, ila marobota bado yapo.

Swali moja limebaki. Ombi la kubadilisha matumizi ya orofa tunalipeleka sisi wapangaji au yeye?

WakiliKijana

Hamwezi kumruka mwenye mali. Msimwendee na maneno, nendeni na fomu zikiwa zimejazwa na makubaliano ya maandishi nani analipa ada. Mwambieni mkihama, notisi ile inabaki kwenye jengo lake, na mpangaji ajaye ataikuta. Rufaa ipelekeni Jumatatu asubuhi, msingoje jibu lake.

Baba Zawadi

Na marobota ya ngazi, mwenyewe namfahamu. Nitaongea naye kesho yaondolewe.