Mrejesho: Kuzuia masasisho ya Windows 10 yanayojipakua yenyewe

Ndugu zangu, nilileta hapa shida ya laptopu yangu ya Windows 10 Home, ambayo ilikuwa ikipakua masasisho bila kuniuliza na kulimaliza bando la simu ninayoitumia kama hotspoti. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Ushauri wa kwanza, wa kuzima huduma ya Windows Update kupitia services.msc (dirisha la kuwasha na kuzima huduma za Windows), haukudumu: nilipoiangalia tena siku chache baadaye niliikuta imewashwa, kwa sababu mfumo una huduma nyingine yenye kazi ya kuirudisha. Ule wa kutumia gpedit.msc, yaani kihariri cha sera za Windows, haukuwezekana kabisa, kwani toleo la Home halina kihariri hicho.

Kilichonisaidia ni ushauri wa aliyesema niingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi, nibonyeze jina la hotspoti yangu, kisha niwashe swichi ya “Set as metered connection”, yaani kuiambia Windows kwamba data ya mtandao huo ni ya kupimwa, isiitumie ovyo. Tangu hapo bando la GB 1 linanifikisha jioni, ingawa masasisho machache yanayohesabiwa kuwa ya lazima bado yanaweza kupita. Anayetumia Wi-Fi zaidi ya moja akumbuke kuwasha swichi hiyo kwa kila moja. Mimi niliisahau ya ofisini.

Sikutaka kuyafunga masasisho moja kwa moja, maana ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Kwa hiyo nayasimamisha kwa muda, ukomo ukiwa siku 35, kisha nayapakua mwenyewe usiku kwa bando la bei nafuu.