Naomba ushauri: chai ya kamomili kwa anayetumia warfarini

Habari zenu wakuu. Mama yangu usingizi umemkimbia: analala saa nne, saa nane yuko macho mpaka alfajiri. Kuna mtu kamshauri anywe chai ya kamomili, yale maua madogo meupe yenye kitovu cha njano. Mimi mwenyewe huinywa nikizidiwa na mawazo au tumbo likijaa gesi. Naloweka kijiko cha maua makavu kwenye maji ya moto, nafunika kikombe kama dakika kumi ili mafuta yake yasipotee na mvuke, kisha nachuja. Hainiangushi kama kidonge cha usingizi, inanituliza tu.

Shida ni kwamba mama yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na nimesoma kuwa kamomili inaweza kuiongezea nguvu hadi mtu akavuja damu. Nimemzuia kwanza mpaka tumwone daktari, naye kaninunia.

Kuna aliyeuguza mtu wa warfarini, daktari akamruhusu mmea wowote wa kutuliza? Lavenda ya kunusa tu je? Kipimo cha INR, kile cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda, kilibadilika? Ila tafadhali, ile ya "mitishamba haina madhara" nimeshaisikia ya kutosha.