Mfuko wa huduma za familia za Kiyahudi Nairobi: tunafichaje majina ya wanaosaidiwa na bado tupite ukaguzi?

Karani_Kilimani

Habari zenu wadau. Kuna mfuko mdogo wa huduma za familia unaoanzishwa hapa Nairobi, kwa mfano wa yale mashirika ya huduma za familia za Kiyahudi yaliyoenea Marekani na Kanada. Utahudumia familia za Kiyahudi zilizopo jijini pamoja na majirani wa dini yoyote, wakiwemo wakimbizi wa Kongo wanaoishi Kayole na Kitengela. Tutaanza na msaada wa dharura (kodi ya nyumba, dawa, chakula), ushauri nasaha, na baadaye mikopo isiyo na riba. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii ni mmoja, mhasibu ni wa nusu siku, kamati ina watu 7.

Kinachotukwamisha ni siri. Jumuiya ni ndogo, kila mtu anamjua mwenzake, na katika mila ya Kiyahudi kumpa mtu bila kumwaibisha ni sharti la sadaka yenyewe. Ila mfadhili wa Marekani anataka majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Wawili kwenye kamati nao wamesema hawapitishi malipo ya mtu wasiyemjua. Mliokwisha kupanga mambo haya, mnayapangaje?

Leja_Safi

Karani, jibu liko ndani ya mila hiyohiyo. Talmud, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, inaelekeza mfuko wa sadaka wa mji ukusanywe na watu wasiopungua 2 na ugawanywe na 3. Wawili, kwa sababu mamlaka juu ya jamii hayaachiwi mtu mmoja. Watatu, kwa sababu kugawa kunahesabiwa sawa na kuamua kesi ya mali. Basi kamati ya watu 7 haina haja ya kujua jina hata moja. Chagueni watatu wa kugawa na mmoja wa akiba, atakayeingia pale faili inapomhusu ndugu au mshirika wa mmoja wao. Kamati nzima ipitishe viwango: bajeti ya mwezi, kikomo kwa familia (tuseme KSh 15,000 kwa mwezi), muda (miezi 3 kisha kupitia upya). Hao wawili wanaokataa waelezwe kwamba wanapitisha kanuni, hawapitishi watu.

Majina yakae kwenye rejesta moja ya karatasi, kurasa zenye nambari zilizochapwa, ndani ya kabati la chuma. Kila mstari: nambari ya faili, jina, kitambulisho, simu, tarehe. Kwingine kote ni nambari tu. Vocha ya malipo isomeke hivi: F-047, kodi, 12,000, fungu la dharura, sahihi mbili. Msitumie herufi za kwanza za jina, na nambari zisifuate alfabeti. Na muwe macho na kumbukumbu za vikao. Ukiandika "mjane wa Lavington mwenye watoto 4", umeshaandika jina.

Siri nyingi huvujia kwenye M-Pesa. Taarifa ya malipo ya akaunti ya biashara huweza kuonyesha jina na simu ya kila aliyelipwa, na mhazini akiituma kwa kamati jinsi ilivyo, rejesta na nambari zote zimekuwa kazi bure. Mhasibu aongeze safu ya nambari ya faili, afute kabisa safu za jina na simu, kisha atume nakala ya PDF. Kuficha safu kwenye eksel hakutoshi, kwani kuifunua ni suala la kubofya mara mbili. Taarifa halisi ibaki kwenye kabati kwa ajili ya mkaguzi.

Upande wa pili wa M-Pesa ni ule ujumbe mfupi. Anayepokea huona jina la shirika lililosajiliwa kwenye akaunti. Ukimlipa mwenye nyumba au keateka moja kwa moja, ploti nzima itajua kufikia jioni. Kwa hiyo sajilini akaunti kwa jina lisilotaja msaada wala dini, na mfanye hivyo tangu mwanzo, maana kulibadilisha baadaye ni safari ya makaratasi. Kilicho bora zaidi ni kumtumia mteja mwenyewe, alipe kwa mkono wake, kisha alete stakabadhi ndani ya siku 7. Ongezeni ada ya kutoa pesa juu ya kiasi. Mkituma 12,000 kamili, mpangaji atajazia ada mfukoni mwake au apeleke kodi pungufu.

Mkaguzi wa hesabu aje ofisini, atie sahihi ahadi ya kutunza siri, achague vocha mwenyewe, 15 au 20, kisha mmoja wa wale watatu amfungulie rejesta kwa nambari hizo tu. Atahakikisha mtu yupo na pesa zilimfikia, bila kuondoka na orodha.

Kwa mfadhili mna sheria ya kusimamia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani, afya, ndoa na habari za familia kuwa data nyeti, na kuzipeleka nje ya Kenya kunahitaji ridhaa ya mwenyewe pamoja na kinga za kutosha. Mwambieni mapema, kabla ya mkataba kutiwa sahihi: mtapata nambari za faili, aina ya msaada, kiasi na tarehe; majina mtayakagua hapa Nairobi. Wakati huohuo mwelewe hofu yake. Shirika la hisani la Marekani haliruhusiwi kuwa bomba la kupitishia pesa tu, linatakiwa kubaki na mamlaka juu ya matumizi yake. Mpeni basi ripoti ya robo mwaka, haki ya kukagua, na ahadi ya kurudisha kisichotumika. Mara nyingi ndicho anachokihitaji, hata kama fomu yake imeandika "majina".

Ustawi_Eastleigh

Leja_Safi amemaliza ya pesa. Niongeze ya mlangoni, kwa sababu mteja huaibika au kuheshimika kabla vocha haijaandikwa.

Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliweka kanuni inayofaa kabisa kwenye fomu ya kupokea wateja: anayesema ana njaa hachunguzwi, apewe papo hapo, anayeomba nguo ndiye anayeulizwa. Tafsiri yake kwenu: chakula cha wiki moja kitoke siku hiyohiyo kwa jina na sahihi tu. Kodi, karo na dawa za muda mrefu zifanyiwe tathmini ndani ya siku 3.

Kwenye tathmini ya kodi, angalia daftari la kodi au ujumbe wa malipo wa miezi 3 iliyopita. Usimpigie mwenye nyumba bila ridhaa ya maandishi. Kisha uliza swali ambalo wengi huliruka: mwezi ujao kodi italipwa na nani? Kipato kikiwa 14,000 na kodi 12,000, kulipa deni la miezi 2 hakuponyi kitu, kwani deni litarudi na mteja ataona haya kurudi. Hapo msaada unaofaa huenda ukawa gharama ya kuhamia nyumba ya bei nafuu, au mtaji.

Acheni nusu saa kati ya mteja na mteja ili wasipishane mlangoni. Laini ya ofisi nayo ni ya kuangaliwa. Watu wakiihifadhi kwenye simu zao kama "Msaada", Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga, inaweza kuitangaza hivyo kwa anayepigiwa. Kwa wakimbizi, mkalimani asiwe mtoto wa mteja wala jirani wa ploti moja. Mtafuteni wa mtaa mwingine na mmlipe kwa saa. Pia kabla ya kuanzisha huduma mpya kwao, ongeeni na HIAS, shirika la Kiyahudi ambalo limehudumia wakimbizi wa mjini hapa Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Siri ina mpaka, na mteja aambiwe hivyo kikao cha kwanza kabla hajafungua moyo: mtoto akiwa hatarini, au uhai wa mtu, taarifa itatolewa. Namba zikae ukutani: 116 ya watoto, 1195 ya ukatili wa kijinsia. Aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Fomu ya P3 ya polisi inafuata.

Jambo moja mshauri asiyejua mila ya Kiyahudi huweza kulipitia juu juu ni talaka. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Ya Kiyahudi haimo, hivyo wanandoa husajiliwa kiserikali na talaka yao hutoka mahakamani. Lakini kwa dini yao mke hajaachika mpaka mume ampe hati iitwayo get kupitia mahakama ya kirabi. Akinyimwa, hawezi kuolewa tena kidini, na watoto atakaowazaa na mume mwingine hubeba mzigo mzito katika sheria hiyo. Mume anaweza kuitumia get kama fimbo kwenye mgawo wa mali. Kwa hiyo wakili na rabi wahusishwe mapema, na suala la get liwekwe mezani kabla ya makubaliano ya mali kutiwa sahihi. Baada ya hapo mwanamke hana tena cha kujadiliana nacho.

Chama_Makini

Mikopo: Maimonides aliweka daraja 8 za sadaka, na ya juu kabisa ni kumshika mtu kabla hajaanguka, kwa mkopo, ubia au kazi. Kwa hiyo msiichukulie kama huduma ya ziada ya kuanza siku moja mkipata nafasi.

Anzeni na KSh 10,000 hadi 30,000, wadhamini 2, marejesho ya kila wiki. Mkopo wa 30,000 kwa wiki 20 ni 1,500 kwa wiki. Toeni wiki 2 za mwanzo bila marejesho kama ni biashara, bidhaa zizunguke kwanza. Gharama za uendeshaji zitoke kwenye ruzuku tofauti. Msizibandike kwenye mkopo kwa asilimia, maana ada inayopanda kadiri mkopo unavyokua ina sura ya riba, ambayo Torati inakataza baina ya Wayahudi. Wateja wenu Waislamu wa Eastleigh nao watawaelewa bila maelezo.

Mdhamini asiwe mtu anayepokea msaada kwenye mfuko huohuo. Mikopo ya namna hiyo huanguka pamoja. Na anayeamua mkopo asiwe mfanyakazi wa ustawi anayemshauri mteja, la sivyo mteja akichelewa kulipa ataacha pia kuja kwenye ushauri. Muulizeni wakili kama kukopesha kunahitaji leseni ya Benki Kuu kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Karani_Kilimani

Asanteni sana, hili la ujumbe wa M-Pesa hatukuliwaza kabisa. Swali la mwisho: kalenda na kapu la chakula. Tumepanga kapu la unga wa mahindi kilo 4, mchele kilo 2, maharagwe kilo 2, mafuta lita 1, sukari na majani. Linafaa mwaka mzima?

Ustawi_Eastleigh

Karani, linafaa karibu mwaka wote, isipokuwa Pasaka ya Kiyahudi, yaani Pesach, inayoangukia Machi au Aprili na kuchukua siku 8 nje ya Israeli. Wakati huo mkate, chapati, maandazi na chochote cha ngano au shayiri kilichoumuka ni marufuku kwa wote. Zaidi ya hapo, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki kwa desturi hawali mahindi, mchele, maharagwe wala dengu siku hizo. Wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu wengi wanakula. Karibu kapu lenu lote, hata mafuta kama ni ya mahindi, litakaa pembeni kwa familia ya kundi la kwanza. Ulizeni desturi ya nyumba kwenye fomu, na wekeni viazi kilo 10, mayai trei 1, karoti, vitunguu, matunda na samaki. Samaki awe mzima mwenye magamba yake, tilapia au sangara. Kambare hapana, wala minofu iliyochunwa ngozi, kwa kuwa mlaji hawezi kujua ni samaki gani. Matza, mkate usioumuka wa Pesach, iagizwe miezi 2 kabla. Tena kuna desturi ya zamani ya kutoa pesa za ngano kabla ya Pesach, kwa hiyo kutuma fedha wiki 3 mapema kunakubalika kabisa, na kila nyumba itanunua inachokula.

Kalenda: Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo mwaka mzima, hivyo Ijumaa fungeni saa tisa, ili mteja wa mwisho na mfanyakazi wafike nyumbani kabla ya Sabato hata njia ikiwa na msongamano. Septemba na Oktoba sikukuu hufuatana kwa wiki 3 hivi. Malipo ya kodi ya Oktoba yaandaliwe na kutiwa sahihi mapema, yasije yakasubiri mtia sahihi aliye sinagogi. Simu ya dharura ibaki wazi hata Sabato, kwa kuwa kuokoa uhai kunatangulia Sabato. Zamu hiyo apewe mfanyakazi asiyeishika, na awe na idhini ya maandishi ya kutumia hadi KSh 10,000 bila kumpigia mtu yeyote.